Dalia za rangi ya damu ya mzee zinapauka Dar: tatizo si mbolea

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Mbezi Beach. Mwezi wa kumi na moja nililetewa viazi vya dalia kutoka Lushoto, vya ile rangi ya damu ya mzee. Kule maua yake niliyaona kwa macho yangu, mekundu yanayokaribia weusi. Huku kwangu viazi vingine vimeoza kabla ya kuota. Vilivyoota vimetoa maua madogo yaliyopauka, katikati yana duara la njano. Nayataka kwa bustani, na ziada niwauzie wapambaji wa harusi. Niongeze mbolea gani?

JIBU: Marahaba, dada. Usiongeze mbolea yoyote kwa sasa. Kilichokuangusha ni mwezi uliopanda.

Asili ya dalia ni milima ya Mexico, mahali penye jua mchana na ubaridi usiku. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo dalia hapo inajiona iko kwao. Wekundu ule mzito unatokana na antosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza kwa kutumia sukari ya majani yake. Usiku ukiwa wa joto, mmea huichoma sukari hiyo kwa kupumua tu, na petali zikabaki na kidogo. Dar ya Januari na Februari, usiku joto huwa nyuzi 25 hivi. Ukipanda Novemba, maua yanafunguka katikati ya joto hilo. Hakuna mbolea itakayolirekebisha.

Duara la njano lina sababu nyingine. Ua moja la dalia ni mkusanyiko wa vijiua vingi: vya nje ndivyo vyenye petali, vya ndani ndivyo vya njano. Mchana ukiwa mfupi, vya ndani huongezeka na mmea huelekeza nguvu kwenye viazi. Ulaya wakati wa kiangazi mchana unazidi saa 15. Kwetu ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti ya Juni na Desemba haifiki saa nzima. Dawa yake ni rahisi: funga balbu juu ya mimea, uiwashe kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo. Mmea utarefuka na kujaza majani kabla ya kufikiria maua.

Basi lenga kipupwe. Dalia huchukua wiki 8 hadi 12 kutoka kupandwa hadi kuchanua, nawe unataka maua ya Julai hadi Septemba. Mwisho wa Aprili masika bado yanamwaga, hivyo otesha viazi kwenye viriba vikubwa barazani, chini ya paa, kisha uhamishie bustanini mwanzoni mwa Juni. Kila kiazi kiwe na jicho pale shingoni kinapoungana na shina la zamani. Kisicho na jicho hakioti, hata kiwe kinene namna gani. Na usimwagilie mpaka chipukizi lichomoze. Unyevu wa udongo unatosha, maji ya ziada ndiyo yaliyokuozeshea vile vya mwanzo.

Mchanga wa pwani haushiki chakula, uchanganye na mboji na samadi iliyooza kabisa. Weka matandazo. Uangalie pia maji yako: visima vingi vya ukanda wenu vina chumvi, na dalia huionyesha haraka kwa kuungua kingo za majani. Tumia maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa majani mazuri na mashina malegevu.

Mmea ukifikisha jozi 3 au 4 za majani, kata ncha. Roho inauma, lakini hapo ndipo mashina marefu ya kuuza yanapopatikana. Miti ya kuegemeza usiicheleweshe, maana upepo wa kusi huvunja dalia kirahisi. Vitumba vikitoka vitatu pamoja, toa viwili vya pembeni ubakize cha kati. Kagua chini ya majani kila siku chache kutafuta utitiri na vithiripi, vijidudu vinavyofyonza mmea. Mmea wenye majani yenye mabaka ya njano na kudumaa huenda una virusi, ambavyo huenezwa na vidukari na havina tiba. Ng'oa, uchome.

Kuhusu kukata, hapa wengi hupoteza fedha. Waridi hukatwa likiwa kitumba, dalia haivumilii hivyo, kwani ikishakatwa haifunguki zaidi. Kata ua likiwa limekaribia kufunguka lote, petali za mgongoni zikiwa bado ngumu. Kata alfajiri, utumbukize papo hapo kwenye ndoo safi, kisha weka kivulini mbali na ndizi au maembe yanayoiva, kwa sababu gesi ya matunda hunyausha maua. Hata likitunzwa vizuri, ua la dalia hukaa siku 4 hadi 6 tu. Mwambie mpambaji ukweli huo, na ukate asubuhi ya kuamkia harusi.

Kwa aina, Arabian Night ndiyo ninayoipenda kwa rangi hiyo: ua la wastani, mmea wa mita moja hivi. Karma Choc ilizalishwa hasa kwa ajili ya kukatwa. Achana na yale maua makubwa kama sahani, joto na safari ya gari huyamaliza. Ukitaka kuagiza viazi nje ya nchi, anza na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), mzigo uje na cheti cha afya ya mimea. Mbegu usitumie, hazirudishi rangi ya mama.

Oda za harusi za Desemba usizikubali kwa maua ya nyumbani kwako. Zinunulie mashina ya Lushoto au Arusha. Vuli vikikaribia, chimba viazi vyako na uvirudishe milimani kwa huyo aliyekuletea, avitunze hadi Aprili.