Re: Chuo chetu cha maendeleo ya wananchi kinataka kupanuka, tuanze na majengo au kozi?

Mkuu umesema kamati imegawanyika, nusu wanataka madarasa sita nusu wanataka kozi mpya. Mi nasema anzeni na kozi, jengo lifuate. Nimeshaona chuo kimoja huku kwetu Mtwara wamejenga karakana nzuri kweli ya kuchomelea, bati jipya, sakafu inang'aa, halafu umeme wa njia tatu hakuna, mashine zikakaa kwenye maboksi mpaka panya wakala nyaya, na mwalimu naye hajaajiriwa.

Kozi zenyewe msikopi za Dar. Vijana wa Masasi, Newala wanatoka kwenye korosho, sasa kwa nini tusifundishe kubangua na kutengeneza mashine za kubangulia wakati ghafi zinapakiwa bandarini kwenda India? Pwani kuna mwani. Umeme na mabomba nazo hazikosi watu. Na hivi vyuo vilipoanza 1975, kwa kuiga vya Sweden, kozi fupi kwa watu wazima ilikuwa ndo kazi yao, msizidharau.

Usajili NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, mfuatilie mapema, wataangalia walimu na vifaa, sio ramani.

Ila jengo moja lisisubiri, bweni la wasichana. Wanapanga vyumba mtaani, nusu hawamalizi.

Ada nayo wekeni awamu, kubwa iangukie Novemba Desemba mnada wa korosho umeshalipa, ukimdai mzazi Machi utaambulia salamu tu 😀