Kwa fundi anayeanza: kipi kibaki dukani, kipi kiende kwenye wingu

Vijana mnaotoka vyuoni na kuanza kuhudumia biashara ndogo, swali la kwanza mnaloniuliza karibu kila mara ni hili: "Kaka, mteja huyu tumhamishie kwenye wingu gani?" Naomba mliweke pembeni kwanza. Ndani ya duka moja kuna kazi tano au sita za kompyuta, kila moja ina tabia yake, na hakuna sababu ya zote kukaa mahali pamoja. Zitenganishe kabla hujagusa chochote.

Chukua duka la dawa za jumla, la aina unayoikuta Kariakoo au Mwanza mjini, lenye wafanyakazi kama kumi. Omba ruhusa, kaa kaunta tangu linafunguliwa hadi adhuhuri, daftari mkononi. Muuzaji anaandika jina la dawa, mfumo unamwonyesha bechi na tarehe ya kuisha muda, ankara inatoka, risiti ya EFD inatoka, mzigo unaletwa kutoka stoo. Chumba cha nyuma mhasibu anafunga hesabu za jana. Bosi yuko safarini, anataka kuona mauzo kwenye simu. Kuna folda ya leseni na mikataba, kuna barua pepe za wasambazaji, kuna kamera za ulinzi. Kwa kila kimoja jiulize: kikisimama saa nzima, nani anakwama? Kaunta ikisimama saa nne asubuhi, wateja wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Barua pepe ikisimama muda huohuo, wengi hawatajua. Majibu hayo ndiyo yanayokupa mpango, kuliko tangazo lolote la kampuni.

Sasa wingu lenyewe. Ni kompyuta za mtu mwingine, zilizo kwenye jengo lenye umeme na upoozaji wa uhakika, unazozikodi kupitia intaneti na kulipa kadiri unavyotumia. Amazon ndio waliolifanya jambo hili liwe la kila mwenye kadi ya benki, mwaka 2006, walipofungua huduma ya kuhifadhi faili mwezi Machi na ya kukodi mashine mwezi Agosti. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, vituo vya kampuni kubwa vilivyo karibu viko Afrika Kusini: Microsoft walifungua vyao 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakafungua Johannesburg 2024. Zingatia hilo unapofungua akaunti. Ukikubali tu eneo lililochaguliwa tayari, mashine ya mteja wako inaweza kuishia Marekani, na kila bofyo la mhasibu litavuka bahari kwenda na kurudi. Pima kasi ya majibu kutoka dukani kwenyewe, kwa ruta ya dukani, saa za kazi. Vipimo vya ofisini kwako havimsaidii mtu aliyeko kaunta.

Halafu kumbuka njia ya kufika huko. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba vibaya Tanzania na kwa majirani zetu. Seva za wingu zilikuwa zinafanya kazi kama kawaida. Walioshindwa kuzifikia ni sisi. Kampuni ikikuahidi kwamba huduma yake itapatikana kwa asilimia 99.9, maana yake ni kama dakika 43 za kuzimika kwa mwezi, na hesabu hiyo inahusu upande wao tu. Ruta yako, mtoa huduma wako wa intaneti na umeme wa mtaani kwenu havimo.

Kwa sababu hiyo nina msimamo ambao sijaona haja ya kuubadilisha: kaunta inayouza isitegemee intaneti peke yake. Mteja akitaka mfumo wa mauzo wa kwenye wingu, sawa, mifumo mizuri ipo. Ila mwambie muuzaji wa mfumo aje dukani, achomoe waya wa intaneti mbele yenu, auze bidhaa tatu, atoe ankara tatu, kisha aurudishe waya. Angalia kama mauzo yote matatu yamepanda bila kujirudia na kama stoku imepungua inavyotakiwa. Akianza kueleza badala ya kuonyesha, umeshapata jibu.

Kinachokwenda kwenye wingu bila shida ni barua pepe, folda za nyaraka, ripoti anazotaka bosi kwenye simu, na nakala za akiba. Na hapa mgeni wa kazi hii ajue tofauti moja kubwa. Ukichukua huduma iliyokamilika, kama barua pepe au programu ya hesabu ya kulipia kwa mwezi, mwenye huduma ndiye anayesasisha programu na kuziba matundu ya usalama. Ukikodi mashine tupu, hayo yote ni juu yako, usiku na mchana, hata ukiwa likizo. Nimeona mafundi wakikodi mashine ya Windows, wakaweka programu ya hesabu ndani yake, wakaacha mlango wa Remote Desktop, yaani wa kuiendesha mashine ukiwa mbali, wazi kwa dunia nzima ili mhasibu aingie kirahisi. Majambazi wa mtandaoni wanatafuta milango ya namna hiyo mchana kutwa kwa programu zinazojiendesha zenyewe. Pitisha watu kwenye VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti inayofunguka kwa mwenye ufunguo tu, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Biashara ndogo nyingi hazihitaji mashine tupu kabisa.

Tuje kwenye mashine pepe, sehemu ambayo naona vijana wengi wanaipita harakaharaka wakidhani ni mambo ya benki na serikali. Wazo ni kuigawa kompyuta moja iwe kama kompyuta kadhaa. Ifikirie nyumba ya kupanga: paa moja, msingi mmoja, lakini kila chumba kina mpangaji wake na ufunguo wake. Mpangaji mmoja akichafua chumba, wengine wanaendelea na maisha yao. Paa likivuja, wote wanalowa, na hilo la paa tutalirudia.

Kwenye lile duka la dawa huwa unakuta kompyuta moja chini ya meza inayofanya kila kitu: mfumo wa mauzo, programu ya hesabu, folda ya pamoja, na mtoto wa bosi anaangalia mpira humohumo jioni. Virusi vikiingia kwa njia ya mpira, mauzo nayo yanakwenda. Ukiwa na seva yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 32 na SSD (diski za kasi zisizozunguka) mbili zinazoakisiana, yaani kila moja inabeba nakala ya mwenzake, unaweza kuigawa RAM hivi: mfumo wa mauzo na hifadhidata yake GB 12, programu ya hesabu GB 8, folda za pamoja GB 4, na zinazobaki waachie mfumo mama unaoshikilia hizo mashine pamoja na akiba kidogo. Usigawe RAM yote mpaka ya mwisho. Mfumo mama ukikosa pumzi, mashine zote zinakuwa nzito kwa pamoja, na utapoteza siku nzima ukitafuta kosa ndani ya programu ya hesabu ambayo haina kosa. Hifadhidata iweke kwenye SSD bila mjadala. Diski ya kuzunguka inafaa kuhifadhi picha za kamera, na kamera zenyewe ziache kwenye kinasa chake, zisije kugombania diski na mauzo.

Kabla ya yote ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kompyuta inapowaka, uhakikishe uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, unaoitwa VT-x, au AMD-V kama ni prosesa ya AMD, umewashwa. Kompyuta nyingi zinakuja ukiwa umezimwa, na ujumbe wa kosa unaotokea huwatisha watu bure.

Kuhusu programu ya kugawia, mimi nawaelekeza wanaoanza kwenye Proxmox. Ilitoka 2008, imejengwa juu ya KVM, sehemu inayoendesha mashine pepe, ambayo iliingizwa kwenye kiini cha Linux 2007, na unaweza kuitumia bila kulipia leseni. Kwa miaka mingi jina lililotawala lilikuwa VMware. Novemba 2023 Broadcom waliinunua kampuni hiyo, wakaacha kuuza leseni za kudumu, na biashara nyingi zikajikuta zinapiga hesabu upya. Ndiyo maana nasisitiza mjifunze namna kumbukumbu, diski na mtandao vinavyogawanywa. Ukielewa hayo, kuhama jina moja kwenda jingine ni kazi ya wiki. Kama ndani ya mashine pepe utatumia Windows Server Standard, soma masharti: leseni iliyokamilika ya seva moja inaruhusu mashine pepe mbili, si zaidi.

Sasa lile paa. Mashine pepe tatu kwenye seva moja ni mashine tatu zitakazozimika siku seva itakapoungua. Na kuna jambo linalowaponza wanaoanza kuliko jingine lolote: snepushoti. Unabofya, hali ya mashine inahifadhiwa, ukiharibu unarudi nyuma. Ni nzuri sana kabla ya kusasisha programu. Lakini snepushoti inakaa kwenye diski ileile, na inategemea faili zilezile za mashine yenyewe. Diski ikifa, vyote vinakufa. Ichukue kama msaada wa saa chache, kisha ifute, maana ikiachwa wiki nzima inaweza kujaza diski na kuipunguza kasi mashine.

Nakala ya akiba ni kitu kingine. Kanuni ya zamani bado inatosha: data iwe na nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Wala usidhani wingu linakuondolea sharti hilo. Machi 2021 kituo cha OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, kiliungua moto, jengo zima likateketea, na wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja. Hao walikuwa kwenye wingu tayari.

Piga pia hesabu ya njia. Ukitaka kupandisha GB 100 kwa intaneti yenye kasi ya kupandisha ya Mbps 5, hiyo ni biti bilioni 800, zitachukua zaidi ya saa 44 hata kama hakuna mwingine anayetumia mtandao. Kwa hiyo nakala ya kwanza ipandishe mwishoni mwa wiki, kisha kila usiku pandisha mabadiliko ya siku hiyo tu. Weka na diski mbili za nje zinazopokezana: moja inapokea nakala dukani, nyingine iko nyumbani kwa bosi, zinabadilishana kila Jumamosi. Diski iliyochomolewa haifikiwi na virusi vya kudai fidia.

Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa, usiihesabu. Jumamosi moja ya kila mwezi, duka likishafungwa, irudishe kwenye mashine pepe mpya iliyokatwa mtandao. Iwashe, fungua mfumo wa mauzo, tafuta ankara ya mwisho kabla ya muda wa nakala, kisha mwombe muuzaji akuletee kopi yake ya karatasi. Namba, jina la dawa, bechi, kiasi: visomeni pamoja. Vikifanana, andika tarehe na muda uliotumika. Muda huo ndio utakaomjibu bosi atakapouliza, "Seva ikifa leo, tunarudi lini?" Nalithamini zoezi hili kuliko cheti chochote kilichoning'inizwa ukutani.

Kuhusu pesa, bili nyingi za wingu zinakuja kwa dola, na mteja wako anauza kwa shilingi. Mwonyeshe gharama kwa shilingi, kwa miaka mitatu, seva ya dukani upande mmoja na wingu upande wa pili. Kwenye seva usisahau umeme, betri za UPS (kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika) na malipo yako wewe fundi. Kwenye wingu usisahau kwamba mashine iliyozimwa bado inalipiwa diski yake, na kwamba kuitoa data nje ya wingu mara nyingi kuna bei yake hata kama kuiingiza ni bure. Siku ya kwanza ya akaunti weka tahadhari ya matumizi ili barua pepe iende kwako na kwa bosi ikifika nusu ya bajeti.

Akaunti hiyo ifunguliwe kwa barua pepe ya biashara, kamwe si yako binafsi, na ufunguo mkuu awe nao mwenye mali. Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Zote zina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na duka la dawa lina majina na magonjwa ya watu. Isome sheria kabla ya kuchagua eneo la seva, na umpe bosi maelezo kwa maandishi.

Kama huna seva ya kujifunzia, laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, tengeneza mashine mbili za Linux, moja iwe na hifadhidata, nyingine ipokee nakala zake. Ifute ya kwanza kwa makusudi, kisha ijenge upya kutoka kwenye nakala bila kuangalia maelezo. Ukiweza hilo, ongeza UPS. Fahamu kwamba UPS ya VA 1,000 mara nyingi hutoa wati 600 hivi, hivyo jumlisha mzigo kabla ya kununua, na uiunganishe na seva kwa waya wa USB ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Siku ya kukabidhi kazi, chomoa UPS ukutani bosi akiwa amesimama pale, na msubiri pamoja mpaka mashine pepe zote zizimike moja baada ya nyingine, hifadhidata ikiwa salama, kabla betri haijakata.