Kupanga pembe ya jiliwa unaponoa mnyororo wa chenso

Baada ya miaka mingi ya kunoa minyororo kwa mashine ya jiwe, nimeridhika kwamba sehemu kubwa ya kazi huamuliwa kabla jiwe halijaanza kuzunguka, pale unapolegeza jiliwa, yaani kibano kinachoshika mnyororo, na kulielekeza kwenye pembe yake.

Minyororo mingi ya kukatia magogo vipande hunolewa kwa nyuzi 30, mingine kwa 25 au 35, ilhali ule wa kupasulia mbao kwa urefu wa gogo huhitaji takriban nyuzi 10 tu. Pembe hii isichanganywe na mwinamo wa kichwa cha mashine kinachobeba jiwe, ambao mara nyingi huwa nyuzi 60. Kwenye minyororo mingi, sehemu ya juu ya jino, upande wa nyuma, ina mstari mwembamba uliochongwa kiwandani, unaoonyesha pembe sahihi na kikomo cha kunoa. Mimi hubana jino, hushusha jiwe mashine ikiwa imezimwa, kisha hutazama kutoka juu kama uso wa jiwe uko sambamba na mstari huo. Ukitofautiana na namba za kwenye jiliwa, naufuata mstari.

Panapohitaji uvumilivu zaidi ni kuhama kutoka meno ya kulia kwenda ya kushoto. Jiliwa huzungushwa hadi pembe ileile ya upande wa pili, lakini mashine nyingi, hasa za bei nafuu, zina ulegevu kidogo, na hata kukaza kitasa cha kulifungia jiliwa kunaweza kulisogeza. Kwa hiyo soma namba tena baada ya kukaza, si kabla. Noa jino moja la kila upande, yapime urefu kwa kalipa (kipimo cha kubana cha milimita), na kama yamepishana, rekebisha skrubu ya kizuizi kinachoshikilia jino mahali pake ndipo uendelee. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu au makali kuliko ya pili, chenso itavuta pembeni na mkato utapinda, nawe utalaumu bapa linalouongoza mnyororo bure.

Vaa miwani ya kukinga macho, na uguse jino kwa miguso mifupi, kwa maana chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu wake. Meno yote yakishalingana, pima nundu zilizo mbele yake, zinazodhibiti kina cha kukata. Kwa minyororo mingi huwa chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65 hivi.