Umesema utaanza na anayelia zaidi? Futa hiyo!

Mkuu, umeuliza uweke nini kwenye mkoba wa huduma ya kwanza na uwadhibiti vipi watu wanaojazana kwenye ajali. Sawa. Lakini katikati umechomeka kwamba ukifika "utaanza na anayelia zaidi". Hapo nimeacha chai yangu ikapoa.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Basi dogo limepinduka usiku, watu tisa, nami wa kwanza kufika, fulana ya kuakisi mpya hata kibandiko cha bei sijabandua. Kijana mmoja kavunjika mkono, anapiga yowe kama anachinjwa. Nikapiga magoti kwake, nikamfunga gango safi, fundo la kupigia picha. Dakika sita nzima. Hatua kumi nyuma yangu, mtaroni, mzee mmoja amelala chali, kimya. Hana jeraha la kutisha. Ulimi tu umerudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Alihitaji mtu wa kusukuma taya lake mbele, basi. Aliyemwona ni mama abiria aliyekuwa anapapasa gizani akitafuta kiatu chake. Ubongo ukikosa hewa, dakika nne hivi unaanza kuharibika. Mzee alifika hospitali akiwa hai, ila mwanawe alipokuja, mzee hakumtambua. Yule kijana alinishukuru sana kwa gango.

Na mwalimu wetu wa kozi ya siku mbili! Mdoli mmoja, sakafu imepigwa deki, kiyoyozi kinavuma. "Mkaribie mgonjwa, mtulize." Mgonjwa yupi, mwalimu, wako tisa! Nilipompigia baadaye akasema hayo yako kozi ya juu, ina ada yake. Nusura niitafune simu.

Kwa hiyo dakika ya kwanza usimshike mtu. Simama, tazama: magari yanayokuja yanakuona? Mafuta yanavuja? Kuna waya wa umeme umeanguka? Kama upo, kaa mbali, na walio ndani ya gari waambie wasishuke, isipokuwa gari likiwaka moto. Kukiwa salama paza sauti: "Anayeweza kutembea aje huku!" Hao ni kijani, yaani wanaoweza kusubiri; umeshapunguza kundi. Waliobaki wapitie mmoja mmoja, ukianza na walio kimya, maana anayepiga yowe kashakuonyesha kwamba pumzi anayo. Anapumua? Kama hapumui, fungua njia ya hewa. Damu inafoka? Mwite aliye mzima agandamize, wewe songa. Anakamata mkono wako ukimwambia? Nusu dakika, mwingine. Anayehema zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza, hata kama anakupigia soga. Ambulensi ikifika uwe na hesabu mdomoni: wangapi, wekundu wangapi.

Mkoba? Glovu, pea nyingi, na kalamu ya wino mzito ya kuwaandika rangi zao. Gango unaweza kuliacha nyumbani.