Jina Kwenye Sanduku la Barua: Maswali Yenu Kuhusu Nyumba za Ujerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi jijini Berlin mnamo Septemba 2024, maswali yanayonifikia hapa Kisumu yamebadilika. Zamani mliniuliza viza. Siku hizi mnaniuliza nyumba. Mimi niliishi Leipzig miaka minne na kuhama mara tatu, kwa hivyo mengi ya haya nimeyapitia mwenyewe.

"Dada, nimepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi Leipzig. Nimeona nyumba mtandaoni, euro 380 kwa mwezi, picha safi. Mwenyewe anasema yuko Uingereza kikazi, nitume euro 900 halafu aniletee funguo kwa posta. Nyumbani tumeshauza ng'ombe. Nitume?" (Lurambi, Kakamega)

Usitume, mdogo wangu. Hata euro moja. Nimeanza na swali lako kwa sababu pesa hizo zikishatoka hazirudi, na najua ng'ombe mmoja ni nini katika boma.

Habari ya mwenye nyumba aliye nchi nyingine, na funguo zinazokuja kwa posta, ni ya matapeli. Wanabadilisha jina la mji tu. Chukua zile picha uzitafute Google, na usishangae ukizikuta kwenye tangazo la nyumba ya wageni ya mji mwingine kabisa. Nyumba huonwa kwanza, na wewe au mtu unayemwamini, kisha mkataba hutiwa saini, ndipo pesa zitoke. Dipoziti kisheria haizidi kodi ya miezi 3, na una haki ya kuilipa kwa awamu 3, ya kwanza ukiwa unaanza kupanga. Dalali naye, tangu Juni 2015, hulipwa na yule aliyemwita. Ile pesa ya kuonyeshwa nyumba tuliyoizoea Kondele na Milimani, kule usikubali kuitoa.

Leo hii mwandikie mwajiri wako. Hospitali nyingi na nyumba za kutunzia wazee zina hosteli za wanagenzi, au zinajua nani anapangisha. Usipopata, tafuta chumba katika nyumba ya kushirikiana, ambapo kila mtu ana chumba chake na jikoni ni la wote. Wenyeji huandika "WG" kwenye matangazo. Nyumba ya ndoto yako utaitafuta ukiwa huko, ukiwa na hati za mshahara za miezi mitatu mkononi, maana hizo ndizo wenye nyumba huulizia kwanza.

"Tangazo limeandikwa '2 Zimmer, 450 kalt'. Tuko watatu, mimi, mke wangu na mtoto. Vyumba viwili vya kulala si vinatutosha?" (Section 58, Nakuru)

Kaka, hapo kuna mtego wa hesabu. Neno "Zimmer", yaani chumba, linahesabu na sebule. Jikoni na bafu hazihesabiwi. Kwa hivyo "2 Zimmer" ni sebule na chumba kimoja cha kulala, ile nyumba ambayo Nakuru tungeiita wan bedrumu. Mkitaka vyumba viwili vya kulala, tafuteni "3 Zimmer".

"Kalt" maana yake ni baridi: hiyo 450 ni ya kuta na paa. Ongeza maji, takataka, usafi wa ngazi na joto la nyumba ndipo upate "warm", yaani yenye joto, na bajeti yako ipige kwa hiyo ya pili. Stima kwa kawaida haimo hata hapo. Unaingia mkataba wako na kampuni ya umeme. Hakuna tokeni. Unalipa makadirio kila mwezi, kisha mara moja kwa mwaka mita inasomwa na hesabu inafanywa. Ulitumia kidogo, unarudishiwa. Ulipitisha, unadaiwa. Joto nalo huhesabiwa vivyo hivyo.

Mimi mwaka wa kwanza nilidaiwa karibu euro 200. Nilikuwa naacha dirisha limeinamishwa kidogo mchana kutwa, kama mtu aliyezoea hewa ya ziwa, na hita inawaka chini yake. Nilipoacha hivyo nikakosea upande wa pili: nikafunga kila kitu, nikasonga ugali na kuanika nguo ndani, na kufikia Januari ukuta nyuma ya kitanda ulikuwa na madoa meusi, ukipitisha kidole kinatoka na unyevu. Ilikuwa ukungu. Jirani yangu mzee ndiye aliyenifundisha: zima hita, fungua madirisha yote wazi kabisa dakika 5 hadi 10, funga, washa tena. Asubuhi, jioni, na kila baada ya kupika. Mwenye nyumba akikuta ukungu anaweza kukudai gharama, kwa hivyo siku ya kupokea funguo piga picha kila ukuta na kila mita.

"Ni kweli unaweza kupewa nyumba isiyo na jikoni?" (Bungoma)

Ni kweli. Chumba cha jikoni kipo, ila unakuta mabomba ukutani tu, bila sinki, kabati wala jiko. Wapangaji wengi huhama na jikoni lao. Muulize anayetoka kama anakuuzia lake, na mkikubaliana bei iandikwe.

"Nina wiki tatu hapa, nakaa kwa rafiki. Anasema nisijiandikishe kwa anwani yake, ataongezewa gharama. Nifanyeje?" (kijana wa Nyalenda, sasa yuko Ujerumani)

Ndugu yangu, umeshachelewa. Sheria inataka ujiandikishe ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, jambo wanaloliita "Anmeldung", na tangu Novemba 2015 anayekupa makao anapaswa kukutilia saini fomu ya kuthibitisha kwamba unaishi kwake. Mweleze rafiki yako hivyo kwa upole. Akikataa bado, hama upesi uende mahali watakapokuandikisha, hata pawe padogo. Bila hiyo karatasi huipati namba ya kodi ya mapato, na benki nyingi na ofisi ya uhamiaji zitakuuliza hiyo hiyo.

Ukishajiandikisha, siku hiyo hiyo weka jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Sisi tumezoea S.L.P. ya shule au ya kanisa. Kule mleta barua hana namba ya mlango wako, anatafuta jina. Langu sikuliweka. Barua ya namba ya kodi ilifika ikarudi, na mwajiri, kwa kuwa hakuwa na namba, akanikata kodi ya kiwango cha juu kabisa miezi miwili. Nilirudishiwa baadaye, lakini miezi hiyo miwili nilikula wali na maharagwe.

"Naweza kubeba mursik na omena?" (Lanet, Nakuru)

Mursik, yale maziwa yetu ya mgando, hapana. Maziwa na nyama kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kwenye mizigo ya msafiri, utanyang'anywa. Omena mkavu, yaani dagaa, unaweza kubeba kwa matumizi yako. Ufunge mara tatu, kwa ajili ya nguo zako.

"Mwanangu yuko Ujerumani mwaka mzima kwa mafunzo ya uuguzi, anasema analipwa euro 1,300, lakini anatuma kidogo na simu hapokei. Amebadilika?" (mzazi, Vihiga)

Mzee wangu, shida yako naielewa, na nimewahi kuwa huyo mtoto. Hiyo 1,300 hukatwa kodi, bima ya afya na pensheni kabla haijamfikia. Mkononi inabaki kama 1,000. Toa kodi ya nyumba, stima, nauli na chakula. Na kila nyumba hulipia redio na televisheni euro 18.36 kwa mwezi, hata kama haina televisheni. Anachokutumia, anakitoa mahali pembamba sana.

Kuhusu simu, wakati wa baridi wako nyuma yetu saa 2, kiangazi saa 1, na mwuguzi hufanya kazi kwa zamu. Muombe akutumie ratiba ya zamu zake za mwezi. Jumapili maduka hufungwa na jengo zima hunyamaza. Mpigie siku hiyo akiwa hana zamu, na kabla ya kuuliza pesa muulize amekula nini.