Jibu: Posti zinakatika nikizihamisha
Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kwa nini tangazo la safari za boti Kizimkazi linakaa zima kwenye mtandao wa kijamii wa Mastodon lakini likihamia mtandao wa Bluesky linakatika, na mara nyengine programu ya kuhamishia inagoma kabisa. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, usiyachanganye.

La mwanzo ni urefu. Mastodon kwa kawaida inaruhusu herufi 500, Bluesky 300, na X (zamani Twitter) kwa asiyelipia 280. Nafasi na alama nazo zinahesabiwa. Ila kiungo (linki ya tovuti), kiwe kirefu vipi, X na Mastodon hukihesabu herufi 23 tu. Basi andika kwa kipimo cha mtandao wenye nafasi ndogo kuliko yote. Mimi sizipendi khasa programu zinazokata zenyewe: bei na namba ya simu watu huziweka mwisho, na ndizo zinazopotea.

La pili, kugoma, linatokana na kikomo cha maombi ambayo programu inaruhusiwa kuyatuma. Mtandao unahesabu programu imebisha hodi mara ngapi kwa muda fulani. Ukimwaga posti za mwezi mzima kwa mpigo, unazuiwa. Hapo usibonyezebonyeze. Subiri, kisha zipeleke kidogokidogo. Picha nazo zipunguze ukubwa kabla.