Mti wa Krismasi si mkrismasi

Msomaji wa Moshi ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi na mke wangu tumemaliza kujenga, na mbele ya nyumba imebaki nafasi ya mti mmoja. Yeye anataka jakaranda, mimi nataka ule wa maua mekundu. Nikamwambia, 'Mti wa Krismasi ni mzuri zaidi kuliko mti wa jakaranda, ingawa yote inapoteza majani.' Akanijibu kwamba hoja yangu ni mbovu na Kiswahili changu ni kibovu kuliko hoja. Tumekubaliana uamue wewe. Jina usinitaje."

Marahaba, na jina silitaji. Ila sentensi yako, ndugu yangu, ina maneno kumi na manne na imenikosesha usingizi mahali patatu.

Tuanze na dogo. "Mzuri zaidi kuliko" ni kuutia mchuzi chumvi mara mbili. Kuliko linajitosha: ni ku, li na ko, yaani "pale alipo" yule mwingine. Wewe wa Moshi hukosi kuuona mlima asubuhi kukiwa kweupe, na huwezi kusema Kibo ni kirefu zaidi kuliko Mawenzi. Ni kirefu kuliko Mawenzi, basi. Ukilitaka zaidi, ambalo ni la Kiarabu na maana yake ni nyongeza, sema "mzuri zaidi" ukomee hapo, au "zaidi ya". Hata hivyo pacha hao wameshaingia vitabuni na mahakamani, na mimi nimewapiga vita mpaka mkono umechoka. Mkeo akikusamehe, nami nimekusamehe.

La pili silisamehi. Mti haupotezi majani. Anayepoteza ni mtu aliyesahau funguo kwenye daladala. Mti huyapukutisha, nayo hupukutika, na neno hilo ukilitamka polepole unayasikia yakishuka. Tumeacha pukutisha kwa sababu mahali fulani mfasiri mvivu alikutana na neno la Kiingereza akalibeba na viatu vyake, na siku hizi kila kitu kinapotezwa: watu wanapoteza uzito, timu inapoteza mchezo, mwembamba naye "amepoteza mwili". Miti yako hiyo miwili ni miti inayopukutisha majani. Hupukutisha wakati wa kiangazi ili isitumie maji isiyokuwa nayo, kisha huchanua. Jakaranda hasa hupenda kuchanua matawi yakiwa bado matupu, ndiyo maana mwezi wa Oktoba unaona zambarau tupu, hakuna kijani.

Sasa nije kwenye kidonda changu: "mti wa".

Ninaishi karibu na kitalu cha miche. Juzi nilikwenda kununua mche wa mlimau nikakuta kibao kipya, kimepakwa rangi nzuri, kimeandikwa: MITI YA MAEMBE, MITI YA MAPERA, MITI YA NAZI. Nikamuuliza kijana anayeuza, "Mwanangu, hii inaitwaje?" Akanijibu kwa adabu, "Miti ya maembe, mzee." Nikamuuliza bibi yake kule kijijini huiita nini. Akacheka akasema, "Miembe." Kwa nini basi kibao hakisemi miembe? "Wateja wasomi, mzee, wataelewa hivi." Nimerudi nyumbani bila mlimau.

Hebu tuone tulichokuwa nacho kabla hatujawa wasomi. Kiswahili kilikuwa na herufi moja iliyofanya kazi ya maneno mawili. Chungwa, mchungwa. Pera, mpera. Ndimu, mndimu. Papai, mpapai. Fenesi, mfenesi. Embe likianza na irabu, m inajivalisha w: mwembe. Tunda na mama yake wanatambulikana kwa sura kama watu wa ukoo mmoja, na mtoto wa miaka minne anajua asichofundishwa na mtu. Mkwaju huzaa ukwaju, mbuyu huzaa buyu na ndani ya buyu kuna ubuyu, na hakuna aliyewahi kuchanganya anachopanda na anacholamba. Kuna ukaidi pia, sikatai: ndizi haina "mndizi", ina mgomba; na mkahawa si mti wa kahawa bali ni mahali pa kuinywea, kwa kuwa mti wenyewe ni mbuni, ambaye kwa bahati mbaya ni ndege vilevile. Lakini ukaidi huo ni wa nyumbani. "Mti wa maembe" ni mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kuanza kupanga samani.

Na anayeusema, nataka awe mkweli afike mwisho wa safari. Akishuka Dar es Salaam amwambie kondakta amshushe Mti Mmoja wa Nazi. Si ndiyo Mnazi Mmoja hiyo? Akivuka kwenda Zanzibar akiugua, aombe apelekwe hospitali ya Mti Mmoja wa Nazi. Akitoka hapo apite Kwenye Mti wa Kunazi, yaani Mkunazini, na akifika Mombasa ateremke Mti wa Maembe Tayari. Wazee wetu waliipa mitaa majina ya miti kwa sababu majina yenyewe ni mafupi, yanabebeka, na ukiyatia -ni tu umefika: Mbuyuni, Mkwajuni, Mikocheni, Mchikichini. Yanyooshe kwa "mti wa" uone kama kondakta atakusubiri umalize. Hata rushwa itakosa adabu: tulikuwa tukizunguka mbuyu, sasa tutazunguka mti wa mabuyu. Na mbuyu ulioanza kama mchicha je?

Kundi la pili ni la wale wanaosema "mti wa mwembe", "mti wa mbuyu". Hao nawahurumia kidogo. Wamehisi kuna m iliyodondoka, wakairudisha, wakasahau kuushusha ule mti mwingine. Ukimwandikia mtu asiyeujua mkangazi au mkaratusi, "mti wa mkangazi" unamsaidia, kama tunavyosema samaki aina ya changu. Lakini mbuyu! Nani Afrika Mashariki hajui kuwa mbuyu ni mti?

Watetezi wa "mti wa" huniambia kwamba hiyo m ni ya miti ya kale, haiwezi kubeba majina mageni. Ndiyo sababu nimeipenda barua yako, maana jibu umelipanda wewe mwenyewe. Mwarobaini ulitujia kutoka Asia. Watu wakaamini unatibu maradhi arobaini, wakachukua tarakimu, tarakimu jamani, wakaitia m na w, ikawa mti. Kisha ukaja huu wako wa maua mekundu, Delonix regia, asili yake Madagaska. Watu wakaona unawaka moto mwezi wa Desemba, wakachukua jina la sikukuu ya watu wa mbali, wakalibandika m mbele: mkrismasi. Tamka uone. M, k na r zimepangwa foleni bila irabu hata moja katikati, na ulimi wa Mswahili umezipitisha bila kulalamika. Halafu mtu huyohuyo aje aniambie mwembe unamshinda?

Tena angalia m hiyo imekufanyia kazi gani. Mkrismasi ni huu unaotaka kuupanda, wenye kivuli kama mwavuli uliokunjuliwa. Mti wa Krismasi ni ule wa sebuleni, wa msonobari au wa plastiki, unaofungiwa taa na kurudishwa kwenye boksi Januari. Ulipomwambia mkeo "mti wa Krismasi ni mzuri", ulimwambia kwamba utaweka plastiki mbele ya nyumba mpya. Kukukatalia alikuwa na haki. (Wapo wanaouita mjohoro, lakini jina hilo wengine wamelipa mti wa maua ya njano, kwa hiyo ukienda nalo kitaluni uwe na macho.)

Na jakaranda? Neno ni la Wenyeji wa Amerika ya Kusini, likapitia kwa Wareno, na mti wenyewe unatoka Argentina na Bolivia. Limetufikia bila m, nasi tumelipokea kama redio na baiskeli: jakaranda imechanua, jakaranda zimechanua. Mimi husema mjakaranda umechanua, mijakaranda imechanua, na yale maua yaliyomwagika barabarani ndiyo jakaranda. Sisemi wewe umekosea. Nasema tu kwamba yule wa Madagaska tumemvalisha kanzu na huyu wa Argentina tumemwacha na koti lake, wakati wote wamekaa karne nzima kwetu. Ndugu yake wa damu ni mwegea, uliokuwa hapa tangu hapo, na una m yake.

Kuhusu kupanda, kwa kuwa uliuliza kwa mlango wa kificho. Mkrismasi una kivuli kipana, lakini mizizi yake hutambaa juujuu, huinua sakafu na kupasua kuta, na maganda yake ya mbegu, yanayofika sentimita 60, hukaa juu ya mti miezi mingi yakigongana upepo ukivuma. Watoto watayafurahia kuliko wewe. Mjakaranda hupaa juu, hata mita 20 ukiuacha, mbegu zake zimo katika viganda bapa vya mviringo, na kero yake ni maua kuoza kwenye njia na kumtelezesha mgeni. Kwa nafasi ya mti mmoja mbele ya nyumba, mkeo ameshinda. Kama kuna uwanja nyuma, mbali na ukuta na tangi la maji, pandeni na mkrismasi huko.

Mnunue sasa, mashimo yawe tayari kabla ya masika. Na muuzaji akiwauliza kama mnataka mti wa maembe pia, tafadhali mwambieni mzee wa mlimau anamsalimia.